Geti la Bongo Movie Limehamia Netflix

Saa kumi alfajiri ya Januari 1, 2026, Dar es Salaam ikiwa bado na moshi wa fataki, episodi ya mwisho ya tamthilia ya Marekani Stranger Things ilitua Netflix. Marekani ilikuwa bado jioni ya Desemba 31. Hadithi iliyoanza mwaka 2016, na watoto wale wa baiskeli ambao sasa wana ndevu, ikafungwa kwa episodi moja ya saa mbili na ushee. Halafu likatokea jambo lililowachekesha wengi. Mashabiki waliochukizwa na mwisho ule walikataa kuamini kwamba ndio mwisho. Wakaanza kusaka dalili kwenye nguo, kwenye rangi, kwenye namna wahusika walivyokunja mikono, mpaka wakajihakikishia kwamba kuna episodi ya siri itakayotoka Januari 7. Siku ikafika, ikapita, hakuna kilichotoka.

Waliocheka walisema hiyo ni akili ya mitandaoni. Mimi nadhani mashabiki wale hawakueleweka. Mtu aliyezoezwa mwaka hadi mwaka kwamba kila mwisho ni nusu ya mwisho ana haki ya kuuliza nusu nyingine imefichwa wapi. Filamu na tamthilia kubwa za miaka hii zinatuudhi kwa sababu moja iliyo chini ya nyingine zote: urefu wake, na mahali zinapokatwa, huamuliwa na muuzaji, halafu hadithi inaambiwa ijibane au ijivute ienee. Tuliokulia kwenye Bongo Movie tulipaswa kuwa wa kwanza kuutambua ugonjwa huu, maana sisi tuliuugua mapema.

Kumbuka geti. Gari linafika, honi inalia. Kimya. Honi tena. Mlinzi anatoka kibandani akipandisha suruali, anafungua upande mmoja wa geti, anarudi kufungua wa pili. Gari linaingia polepole, linaegeshwa, injini inazimwa, mguu unashuka, mlango unafungwa, rimoti inabonyezwa. Mgeni anatembea hadi barazani, anabisha hodi. Dada wa kazi anamkaribisha, anamuuliza atatumia kinywaji gani, juisi inaletwa kwenye trei, na kinanda kinalia muda wote huo. Dakika nne zimekwenda na hakuna neno hata moja lililogusa hadithi. Baada ya mageti kadhaa ya namna hiyo, mke anafungua mlango wa chumbani, anashika mdomo kwa mshangao, na maandishi yanapanda kwenye kioo: usikose Part Two.

Tulidhani ni ushamba wa uongozaji. Ilikuwa hesabu. Zama za VCD na DVD, mtayarishaji wa Dar mara nyingi alikuwa akimuuzia msambazaji filamu kwa malipo ya mara moja, pamoja na haki zake zote, na wizi wa kazi ulikuwa umeshusha bei ya diski hadi karibu na bei ya chipsi. Njia iliyobaki ya kupata hela ya maana ilikuwa kuuza filamu moja mara mbili. Kisa cha dakika tisini kilihitaji kujaza diski mbili, na ziada ile ilitoka getini, barazani na kwenye trei ya juisi. Muigizaji alijua, mpiga picha alijua, na hata jamaa wa maktaba ya video mtaani kwetu alijua, kwa sababu Part Two aliifungia kwenye droo yake na kuitoa kwa bei ya juu kuliko ya kwanza.

Netflix haina maktaba wala droo, lakini ina mteja anayelipa kwa mwezi na anayeweza kuondoka kwa kubonyeza kitufe. Mwanzoni sifa yake kubwa ilikuwa kumwaga msimu mzima kwa siku moja, ukeshe nao ukipenda. Aprili 2022 kampuni ilitangaza kwamba imepoteza wateja 200,000 katika miezi mitatu, mara ya kwanza kupungukiwa katika muda wa zaidi ya miaka kumi, na robo iliyofuata ikapoteza wengine karibu milioni moja. Ni mwaka huohuo msimu wa nne wa Stranger Things ulipokatwa mapande mawili, moja Mei 27 na jingine Julai 1. Anayelipa kwa mwezi anaweza kufanya hesabu mwenyewe: wiki tano katikati maana yake ni bili mbili. Msimu wa tano, wenye episodi nane tu, ukakatwa mapande matatu, la mwisho Desemba, likatufikia sisi mwaka mpya ukiwa umeshaingia.

Mfano unaouma zaidi kwangu, hata hivyo, ni Squid Game, tamthilia ya Korea Kusini ambamo watu waliozama kwenye madeni hucheza michezo ya kitoto kwa fedha, na anayeshindwa anauawa. Mtunzi wake, Hwang Dong-hyuk, alihangaika na wazo lile zaidi ya miaka kumi, likikataliwa huku na kule, na lilipotoka Septemba 2021 lilikuwa na episodi tisa zisizo na nyama ya ziada. Kila mchezo ulifunua jambo jipya kuhusu mtu na deni lake. Mwenyewe alisema baadaye, bila kuzunguka, kwamba msimu wa kwanza ulimng'oa meno kwa msongo, na kwamba fedha ilikuwa sababu mojawapo ya kukubali kuendelea. Simlaumu hata kidogo. Lakini tazama kilichofuata. Misimu ya pili na ya tatu ilipigwa picha kwa mfululizo mmoja, kama hadithi moja, kisha ikauzwa kama mbili: episodi saba Desemba 2024, sita Juni 2025. Kisa kilichobaki baada ya msimu wa kwanza, kwa kipimo changu, kilikuwa cha episodi saba au nane. Zilizobaki ni geti.

Geti lenyewe ni boti. Askari Jun-ho, mdogo wake kiongozi wa mchezo mwenye barakoa nyeusi, anakisaka kisiwa cha mchezo. Anakisaka msimu wa pili wote. Anarusha droni, anazamisha wapiga mbizi, anatazama ramani, boti inazunguka visiwa vinavyofanana. Nahodha wake ni msaliti na sisi watazamaji tunalijua hilo kabla yake, kwa hiyo muda wote uliobaki tunasubiri mtu mmoja aambiwe jambo tulilokwisha kulijua. Msimu wa tatu unaanza, boti bado inazunguka. Anapofika kisiwani hatimaye, mchezo umekwisha, stelingi amekufa, na kaka yake anaondoka na mtoto mchanga mikononi. Jun-ho anapaza sauti kumuuliza kwa nini. Hajibiwi. Futa boti ile yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sidhani kama kuna mtu atakayekufa au kupona tofauti ndani ya mchezo. Mlinzi amefungua pande zote mbili za geti na hakuna gari lililoingia.

Hata ule mwisho wa msimu wa pili, maasi ya wachezaji yakishindwa na rafiki wa Gi-hun, stelingi wetu, akipigwa risasi mbele ya macho yake, si mwisho kwa maana yoyote ya hadithi. Ni mke anayeshika mdomo mlangoni. Tukio lilelile, likiwa katikati ya msimu mmoja wenye episodi nane, lingekuwa pigo linalobadili mwelekeo wa kila kitu, na kesho yake tungemuona Gi-hun akiwa mtu mwingine. Miezi sita ya kusubiri ililipoza. Wengi tulirudi Juni tukiwa tumesahau nani alikuwa upande gani.

Sasa nizitazame hoja za wengine, maana zipo, na nyingine zina uzito.

Ya kwanza inasema waandishi wameishiwa. Ushahidi wake bora ni Game of Thrones, tamthilia ya kituo cha HBO iliyotokana na vitabu, na nakiri kwamba hapo hoja yangu inayumba. Vitabu vya George R. R. Martin vilikomea cha tano, kilichotoka 2011, na tamthilia ilipovipita, ubora ulianza kuporomoka. Zaidi ya hapo, HBO ilikuwa tayari kulipia episodi zaidi, na walioamua kufupisha ni watungaji wenyewe: misimu sita ya mwanzo ilikuwa na episodi kumi kila mmoja, wa saba ukawa na saba, wa nane sita. Muuzaji alitaka kurefusha, mtunzi akakata. Mtazamaji akaona Daenerys, malkia aliyejengwa kwa miaka minane, akigeuka mchoma miji kwa muda wa kengele kulia. Zaidi ya watu milioni moja wakasaini ombi la msimu ule kuandikwa upya, jambo ambalo lenyewe ni kichekesho. Kwa hiyo sitasema kila mtunzi ni mhanga wa muuzaji. Nitakachosema ni kwamba hata pale ugonjwa ulikuwa uleule kwa upande wa pili: idadi ya episodi ilipangwa kwanza, na hadithi ikaambiwa ikimbie ifike. Ya Squid Game ilivutwa, ya Game of Thrones ilibanwa. Zote mbili hazikupimwa kwa urefu wa mwili wake.

Na kuhusu uvivu, ni vigumu kuuamini ukikumbuka mgomo wa waandishi wa Marekani wa mwaka 2023, uliodumu siku 148. Pamoja na madai ya malipo na hofu ya akili bandia, walichokuwa wakilalamikia ni kwamba kampuni za mtandaoni zilikuwa zinaajiri waandishi wachache kwa wiki chache, wanaandika haraka, kisha wanaachishwa kabla kamera haijawashwa. Hakuna anayebaki wa kurekebisha pale tukio linapokataa kufanya kazi mbele ya kamera. Walipata kipengele cha idadi ya chini ya waandishi kwa kila tamthilia. Mvivu hagomi karibu miezi mitano bila mshahara akidai apewe muda zaidi wa kufanya kazi.

Hoja ya pili ni kwamba watu wamechoka na mashujaa wa vibonzo na miendelezo isiyokwisha. Inasikika vizuri, lakini fedha zinaikanusha. The Marvels ya 2023 iliambulia takriban dola milioni 206 duniani kote, pato dogo kuliko la filamu nyingine yoyote ya Marvel Studios hadi wakati huo, na kila mtu akaandika tanzia. Mwaka uliofuata Deadpool & Wolverine ikapata zaidi ya dola bilioni 1.3. Watu hawakuwa wamechoka. Tofauti naiona kwenye tiketi yenyewe. Ili uelewe The Marvels, ulitakiwa uwe umemuona mmoja wa wahusika wake akipata nguvu kwenye WandaVision na mwingine kwenye Ms. Marvel, tamthilia mbili za Disney+. Deadpool nayo imejaa marejeo, ila mtu asiyejua hata moja atacheka na kutoka ukumbini akijua nani alimfanya nini nani. Filamu ya kwanza ilikuwa Part Two ambayo Part One yake inauzwa duka jingine. Bob Iger mwenyewe, mkuu wa Disney wakati huo, alikiri hadharani kwamba wingi wa tamthilia uliwapotezea umakini.

Spider-Man ya katuni, ile ya Miles Morales, ni kisa cha ajabu zaidi. Mwaka 2023 ilikatwa katikati ya pumzi, na mwendelezo wake ulitangazwa kutoka Machi 2024. Sasa umesogezwa hadi 2027. Mtoto aliyeitazama akiwa darasa la tano ataujua mwisho wake akiwa kidato cha pili, kama bado atakuwa anajali. Nasema hivi nikiwa mmoja wa walioipenda filamu ile kuliko nyingine zote za mwaka wake.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopigiwa kelele zaidi: kwamba kazi za siku hizi zimeharibiwa na "ajenda", yaani wanawake wengi mno, weusi wengi mno, mafunzo mengi mno. Inapendwa kwa sababu haihitaji uangalie kazi yenyewe. Unatazama bango, unahukumu. Black Panther ya 2018 ilipita dola bilioni 1.3. Barbie ya 2023, iliyotangaza ajenda yake kuanzia rangi ya bango, ilipita bilioni 1.4. Zipo filamu mbovu zenye ujumbe, kama zilivyo filamu mbovu zisizo na ujumbe, na anayeng'ang'ania hoja hii anieleze ni ajenda gani iliyomweka Jun-ho majini misimu miwili.

Hoja ninayoiheshimu ni ya muuzaji mwenyewe. Atakwambia: unalalamika, lakini mbona mmetazama? Msimu wa pili wa Squid Game ulipata mitazamo milioni 68 katika siku nne za kwanza, wa tatu milioni 60.1 katika siku tatu. Hesabu ya Netflix ni kugawa jumla ya saa zilizotazamwa kwa urefu wa kazi, kwa hiyo si mibofyo ya bahati mbaya. Kama watu wamekaa mpaka mwisho, basi bidhaa ni nzuri, na mengine ni kelele za wachambuzi.

Nani kati yetu hakununua Part Two? Tulinunua wote, tena tukitukana. Mauzo yake yalikuwa yanapima utamu wa Part One na uchungu wa kuachwa mlangoni. Kujua kama Part Two yenyewe ilikuwa nzuri, ilibidi usubiri uone kama mtu yuleyule atanunua Part One ya filamu inayofuata, na taratibu watu waliacha. Kuanguka kwa soko la Bongo Movie mara nyingi kunaelezwa kwa kifo cha nyota wake Steven Kanumba, Aprili 2012, na kwa wizi wa kazi. Vyote viwili vilikuwa na uzito wake. Lakini nakumbuka pia mazungumzo ya saluni na ya daladala ya miaka ile, na kauli iliyorudiwa ilikuwa moja: "Siangalii, wanatuzungusha." Takwimu za siku tatu za kwanza haziwezi kuinasa kauli hiyo, kwa sababu anayeisema hayupo kwenye hesabu.

Kuna dalili kwamba kuzungusha kumeingia hata kwenye mazungumzo ya wahusika. Januari 2026 mwigizaji Matt Damon, akiitangaza filamu yake ya Netflix, alieleza kwamba siku hizi kuna msukumo wa kurudia kisa mara tatu au nne kwenye maneno ya wahusika, kwa kuwa mtazamaji ana simu mkononi. Ukiijua siri hiyo, msimu wa mwisho wa Stranger Things unaeleweka vizuri zaidi: dunia inakaribia kuteketea, na watu kumi wamesimama chumbani wakielezana mpango, kisha wanauelezana tena. Sisi tulikuwa na kifaa chetu cha kazi hiyo. Mhusika alikaa peke yake kitandani, midomo imefungwa, na sauti yake ikasikika: "Kwa hiyo Joyce ananisaliti na rafiki yangu? Haiwezekani!" Tulikicheka sana. Walau kwenye vibanda umiza, kumbi zetu za video za mtaani, yupo mfasiri, na Kenya wana DJ Afro, ambaye tukio likipwaya anamwaga maneno yake mwenyewe mpaka lichangamke. Netflix haina huduma hiyo.

Haimaanishi kwamba kila kinachotoka huko ni geti. Machi 2025 Netflix hiyohiyo ilitoa Adolescence: episodi nne, kila moja imepigwa kwa mkupuo mmoja wa kamera bila kukatwa, kijana wa miaka 13 anakamatwa alfajiri na familia inabaki na swali. Ikaisha. Ikatazamwa na mamilioni na kuzoa tuzo za Emmy. Mwaka mmoja kabla, Shōgun ya FX ilimaliza kitabu kizima kwa episodi kumi, ikapata Emmy 18. Walipoona imependwa, wakaamua kuongeza misimu mingine, ingawa kitabu kilikwisha. Naisubiri kwa mashaka.

Kinachonitia hofu kiko karibu zaidi na nyumbani. Tamthilia zetu za ving'amuzi zimekua kweli. Huba inaonekana tangu 2017, chaneli za Maisha Magic na Sinema Zetu zimewapa waigizaji mshahara unaoeleweka, sauti inasikika, taa zinatosha. Lakini kazi ya namna hii kwa kawaida hulipwa kwa episodi, na anayelipwa kwa episodi ana kishawishi kilekile alichokuwa nacho aliyelipwa kwa diski. Kila nikiwasikia watayarishaji wetu wakiitaja Netflix kama kipimo cha ubora, najiuliza wanachukua kipi kutoka kule: nidhamu ya Adolescence, au boti ya Jun-ho? Swali la kumuuliza mtunzi kabla mkataba haujasainiwa ni jepesi: hadithi yako ina urefu gani? Nashuku kwamba kwenye meza nyingi za Dar na Nairobi, namba ya episodi huandikwa kwanza na jina la mhusika mkuu baadaye. Uganda na Rwanda sina hakika wako tofauti.

Nirudi Squid Game, dakika zake za mwisho kabisa. Gi-hun amekufa, kisiwa kimelipuliwa, fedha zimefika kwa wenyewe. Hadithi imefungwa, kwa uchovu lakini imefungwa. Ghafla tuko Los Angeles. Yule kiongozi wa mchezo ameketi kiti cha nyuma cha gari, anasikia mlio anaoufahamu, anashusha kioo. Uchochoroni mwanamke aliyevaa suti, Cate Blanchett, anacheza mchezo wa karatasi za kukunja na mtu aliyechakaa, na kila mtu yule anaposhindwa anamzaba kofi. Wanatazamana. Kioo kinapanda, gari linaondoka taratibu. Honi tu ndiyo haikusikika.